Kiyoyozi cha Kupoza na Kupasha Joto: Ushauri kwa Wenye Majengo ya Biashara wa Masasi na Newala



Tumeombwa kuzungumza juu ya viyoyozi vya majengo ya biashara, hasa vile vinavyouzwa kwa sifa ya kufanya kazi mbili, yaani kupoza wakati wa joto na kupasha joto wakati wa baridi. Ombi hili limekuja kwa wakati wake. Minada ya korosho inapokwisha na malipo kuingia, mji hupata fedha. Maduka huezekwa upya, nyumba za wageni huongeza vyumba, na wauzaji wa vifaa hufika na vitabu vyao vya picha. Mtu hulipa fedha nyingi kwa siku moja, kisha huendelea kulipa kidogo kidogo kupitia LUKU kwa miaka mingi bila kukumbuka kwamba yote hayo ni bei ya kitu kilekile.

Tuseme msimamo wetu mapema ili asiyeweza kukaa mpaka mwisho aondoke nao. Kwa Masasi, nunueni kiyoyozi kwa ajili ya kupoza, wala msiongeze fedha ya maana kwa ajili ya kupasha joto. Kwa Newala, uwezo wa kupasha joto una haki ya kufikiriwa, hasa kwa nyumba za wageni. Kwa pote pawili, paa na fundi vitangulie mashine.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachouzwa. Kila aliyekulia nyumba yenye mtungi anajua kwamba maji ya mtungini hupoa ingawa hakuna aliyeyatia barafu. Maji kidogo hupenya kwenye udongo, hukauka juu ya ubavu wa mtungi, na yanapokauka huondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Kiyoyozi hufanya jambo hilohilo kwa kimiminika cha namna nyingine, ambacho kimefungiwa ndani ya mabomba na hakitoki. Ndani ya chumba kimiminika hicho hugeuka gesi na kuchukua joto. Kompresa huikandamiza gesi hiyo na kuipeleka kwenye kipande cha nje, ambako hurudi kuwa kimiminika na kuliachia joto hewani. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinahamisha joto kutoka upande mmoja kwenda wa pili.

Kile cha kazi mbili kimeongezewa vali ya kugeuza mwendo wa gesi. Ukibonyeza alama ya jua kwenye rimoti, kipande cha nje ndicho huchukua joto, hata kwenye hewa ya asubuhi yenye ubaridi, na kipande cha ndani huliachia chumbani. Kwa kuwa kinahamisha joto badala ya kulitengeneza, kwa uniti moja ya umeme hutoa joto la uniti tatu hivi. Hita ya waya hutoa moja kwa moja, haiwezi kuzidi. Hapo sifa ya muuzaji ni ya kweli. Lakini mashine hii hupasha hewa tu. Maji ya kuoga ya mgeni yatahitaji chombo chake. Tunalitaja hili kwa sababu jina «kupasha joto» limekwisha kuwapotosha watu wengine kuhusu bafu.

Sasa tuulize: baridi yenyewe iko wapi? Hapa Masasi kipupwe huleta asubuhi za ubaridi katika Juni na Julai, ila duka linapofunguliwa na jua likapanda, koti limekwisha kuvuliwa. Mwenye duka atakayetumia kitufe cha jua mara tano kwa mwaka amenunua mwavuli wa kulalia. Newala ni habari nyingine. Mji ule umekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, ukilitazama bonde la Ruvuma, na upepo wa jioni na ukungu wa alfajiri si mambo ya kusimuliwa. Mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906 akichunguza mila za watu wa huku, aliulalamikia upepo na ubaridi wa pale. Mgeni wa leo anayelala gesti ya Newala katika Julai ana malalamiko yaleyale, na yeye analipa. Kwa mwenye gesti huko, ikiwa tofauti ya bei kati ya kiyoyozi cha kupoza tu na cha kazi mbili ni ndogo, ailipe. Ikiwa ni kubwa, alinganishe na bei ya mablanketi mazito na madirisha yanayofunga sawasawa.

Tukitoka hapo, tunaomba tuliache kidogo duka la vifaa na kutazama juu. Masasi iko karibu nyuzi 11 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, katika siku za baada ya katikati ya Oktoba na tena katika Februari. Mara ya kwanza hukuta mvua bado, mbingu ni kavu, na bati tupu huwa kama kikaango. Chumba kilichoezekwa bati bila dari hupokea joto hilo moja kwa moja, na kiyoyozi chochote mtakachofunga humo kitatumia nusu ya nguvu zake kugombana na paa. Dari iliyofungwa vizuri, yenye nafasi ya hewa kati yake na bati na matundu ya kuitoa hewa hiyo kwenye kingo, ni ununuzi wa kwanza. Bati jeupe hurudisha jua zaidi kuliko bati la rangi ya kiza, hata kama rangi ya kiza inapendeza barabarani.

Ukuta wa magharibi unafuata, kwa kuwa jua la alasiri huja limeinama na kuingia dirishani hadi mezani. Kioo kikubwa kilichotazama magharibi ni hasara ya kila siku. Waliojenga nyumba zenye baraza pana walikuwa wamekwisha kulitatua jambo hili. Sisi tunabomoa baraza ili tupate eneo la kuuzia, kisha tunanunua kiyoyozi. Turubai, mti, au kibaraza cha mita moja na nusu upande huo hakili umeme.

Yapo pia majengo ambayo hatungeyashauri kufunga kiyoyozi hata kama fedha ipo. Duka la vyakula ambalo mlango wake hauna budi kukaa wazi kutwa linapoza barabara. Feni mbili za darini, ambazo kila moja hula wati 60 hadi 75, zitamfaa mwenye duka na wateja wake. Ghala la korosho linahitaji ukavu na mzunguko wa hewa, wala halihitaji ubaridi. Kwa upande wa pili, duka la dawa halina hiari. Pakiti nyingi zimeandikwa zisihifadhiwe juu ya nyuzi 30, nyingine nyuzi 25, na joto la Jumapili alasiri duka likiwa limefungwa huharibu dawa sawasawa na joto la Jumatatu. Mwenye duka la dawa apige hesabu ya kiyoyozi kinachofanya kazi hata siku za kufunga, na aweke kipimajoto ukutani. Chanjo na dawa za nyuzi 2 hadi 8 ni za jokofu, kiyoyozi hakihusiki nazo.

Ukubwa wa mashine huandikwa kwa BTU: 9,000, 12,000, 18,000, 24,000. Mafundi huita BTU 12,000 «tani moja», nayo ni uwezo wa kuondoa joto la kilowati tatu na nusu hivi. Kama makadirio ya kuanzia, hesabuni BTU 600 kwa kila mita ya mraba katika chumba chenye dari. Chumba cha mita nne kwa tano, yaani mita 20 za mraba, huangukia 12,000. Kikiwa na kivuli kizuri na watu wachache, huenda 9,000 zikatosha. Kikiwa na kioo cha magharibi, majokofu mawili na foleni ya wateja, zitahitajika 18,000. Muuzaji asiyeuliza juu ya dari, dirisha, idadi ya watu na vifaa vinavyotoa joto, bali akauliza tu ukubwa wa chumba, anakisia kwa fedha yenu.

Na kisio lake kwa kawaida huelekea juu. Wengi huamini kwamba mashine kubwa hupoza zaidi, basi ni bora. Mashine iliyozidi chumba hushusha joto kwa dakika chache, hujizima, huwaka tena, hujizima tena. Kila kuwaka ni mzigo kwa kompresa. Jambo baya zaidi ni la wakati wa mvua: hewa ya Desemba hadi Machi imejaa unyevu, na kiyoyozi hukausha hewa pale tu kinapoendelea kufanya kazi kwa muda. Kinachowaka na kuzima huacha chumba baridi na chepechepe, mashuka yenye harufu ya ukungu, na makaratasi yaliyolegea. Aina ya inveta, ambayo kompresa yake hupunguza mwendo badala ya kujizima, hupunguza tatizo hili, lakini hata hiyo ina kiwango cha chini isichoweza kukishuka.

Tupige sasa hesabu ya umeme, maana hapo ndipo bei halisi ilipo. Kwenye kibandiko cha mashine mtaona herufi EER kwa kupoza na COP kwa kupasha joto. Namba inayofuata huonyesha ni uniti ngapi za joto huhamishwa kwa uniti moja ya umeme. Chukueni mashine mbili za BTU 12,000, moja ya namba 3 na nyingine ya namba 4. Zikifanya kazi kwa nguvu zote saa nane kwa siku, ya kwanza hula uniti 9.3 na ya pili uniti 7. Kwa mfano wa shilingi 350 kwa uniti, tofauti ni kama shilingi 800 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 21,000, na kwa miezi sita ya joto inakaribia 127,000. Mashine haifanyi kazi kwa nguvu zote muda wote, hivyo tofauti yenu itakuwa pungufu ya hiyo. Lakini itarudi kila mwaka. Mwulizeni muuzaji namba hiyo kabla ya kuuliza bei. Kibandiko kikiwa kimebanduliwa, yafaa kuuliza kwa nini.

Vilevile, rimoti iliyowekwa nyuzi 18 haiharakishi kupoa. Wekeni 25 au 26 na feni ya darini juu yake. Mwili utaona tofauti ndogo sana, LUKU itaona kubwa.

Kwa jengo lenye vyumba vingi hutokea mjadala wa mtambo mmoja mkubwa unaogawa ubaridi kila chumba, au mashine ndogondogo, kila chumba na yake. Katika jiji lenye mafundi kila mtaa, mtambo mmoja una faida zake: hupendeza, hauchafui ukuta, na mkubwa hutumia umeme kwa utaratibu. Kwetu huku tunapendekeza mashine ndogondogo, na sababu yetu ni umbali. Kutoka Mtwara mjini hadi hapa ni kilomita zipatazo 200. Mtambo mmoja ukigoma siku ya Ijumaa, gesti nzima imegoma. Mashine moja kati ya kumi na mbili ikigoma, mgeni huhamishiwa chumba cha jirani na fundi husubiriwa. Vipuri vya mashine ndogo hupatikana kwa urahisi, na fundi wa kawaida anazielewa. Ila mkumbuke mzigo wa umeme. Mashine kumi na mbili za BTU 9,000 zikiwaka pamoja huhitaji takriban kilowati kumi, bila kuhesabu taa, majokofu na pampu ya maji. Laini ya fezi moja haitabeba. Nendeni TANESCO mkaulize juu ya fezi tatu kabla ya kununua mashine, kwa kuwa gharama hiyo nayo ni sehemu ya bei ya ubaridi.

Kila mashine iwe na breka yake na waya wa ardhi. Umeme ukipungua nguvu au ukikatika na kurudi ghafla, kompresa ndiyo huumia; kifaa cha kuilinda, ambacho husubiri dakika tatu au zaidi kabla ya kuruhusu umeme upite, ni cha bei ndogo ukilinganisha na kompresa. Wenye jenereta wachague inveta, kwa kuwa haivuti umeme mwingi kwa mkupuo inapoanza.

Kuna mashine nyingine za bei nafuu, zile feni kubwa zenye tangi la maji. Katika Septemba na Oktoba, hewa ikiwa kavu, hufanya kazi kwa kanuni ya mtungi na kwa umeme mdogo. Mvua ikianza hazifai kitu, maana hewa yenyewe imeshiba maji. Na kwa ndugu zetu wa uwandani hatuhitaji kueleza mengi. Maji ya Newala hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni, na kina mama wa uwanda ule waliyapandisha kwa vichwa miaka mingi kabla ya pampu. Kuyamwaga hewani ili duka lipoe ni jambo gumu kulitetea.

Tukae kidogo juu ya salfa, kwa sababu vitabu vya maelekezo, ambavyo vimeandikiwa miji ya mbali, haviitaji. Wakati wa kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiriubwiri, unga wa salfa hutembea na upepo na kutua kila mahali. Shaba na salfa hazipatani: shaba huwa nyeusi na kuliwa, hasa penye unyevu. Kipande cha nje cha kiyoyozi kina mabomba membamba ya shaba, nacho huvuta hewa kutwa. Basi kisifungwe upande unaoelekea shamba, kiulizwe kama kina rangi ya kukinga kutu kwenye mapezi yake, na msimu wa upulizaji ukiisha kioshwe kwa maji masafi yasiyo na nguvu nyingi, umeme ukiwa umezimwa. Vumbi jekundu la kiangazi nalo huziba mapezi hayohayo. Vichujio vya ndani huoshwa kila mwezi wakati wa vumbi; ni kazi ya dakika kumi, haihitaji fundi.

Kuhusu gesi, liko neno moja ambalo tungependa kila mmoja alishike: kiyoyozi hakili gesi. Ile iliyotiwa kiwandani ndiyo inayopaswa kuwemo mpaka mashine ife. Fundi anayekuja kila mwaka «kuongeza gesi» bila kutafuta tundu anauza gesi. Mwambieni atafute inapovuja, azibe, anyonye hewa yote kwa pampu kwa muda usiopungua nusu saa, ndipo apime gesi kwa mizani.

Aina za gesi zina maana pia. Mashine za zamani, pamoja na nyingi za mtumba, hutumia R-22, inayodhuru tabaka la ozoni. Chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, nchi zinazoendelea zinaiondoa sokoni kufikia 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Anayenunua mashine ya R-22 leo ananunua ugomvi wa kutafuta gesi kesho. Mashine mpya nyingi ni za R-410A au R-32. Makubaliano ya Kigali ya mwaka 2016 yanazipunguza polepole gesi za jamii hiyo kwa sababu ya kuongeza joto la dunia. Kwa kipimo cha wataalamu R-410A ina nguvu ya 2,088 dhidi ya moja ya hewa ya ukaa, na R-32 ina 675. Kati ya hizo mbili tungechagua R-32, tukikumbuka kwamba inaweza kushika moto, ingawa kwa udhaifu, hivyo fundi awe anaifahamu. Gesi isichanganywe na nyingine, wala isiwekwe gesi ya jikoni badala yake, hata fundi akiapa kwamba inapoza. Inapoza kweli, na inalipuka.

Mwisho ni karatasi. Muuzaji atasema waranti ni miaka mitano, au kumi. Ulizeni ni waranti ya kitu gani. Mara nyingi ni ya kompresa peke yake. Ulizeni nani atamlipa fundi, na nauli yake kutoka Mtwara au Dar es Salaam, na mashine ikibidi kusafirishwa, nani atalipa mzigo. Ulizeni kama waranti inakubali fundi wa hapa Masasi, na jina la fundi huyo liandikwe. Majibu yawe kwenye ankara yenye mhuri, pamoja na namba ya mashine, BTU, EER na aina ya gesi, na mdai risiti ya EFD. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu sifa za bidhaa, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya namna hiyo. Ubora wa bidhaa yenyewe ni kazi ya TBS. Lakini ofisi hizo zitauliza swali la kwanza: aliahidi nini, na kimeandikwa wapi?

Tumeleta kanda ya kupimia na karatasi za hesabu. Wenye vipimo vya vyumba vyao wasogee mbele tukokotoe pamoja, na wa duka la dawa waanze.